Bahari ya Babu Iliyobaki Tunduru

Tangu turudi kutoka Mtwara, kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza swali lile lile: bahari ilikuwaje? Najibu kwamba ilikuwa nzuri, kisha nabadilisha mazungumzo. Si kwamba sina la kusimulia. Nikianza kusimulia najikuta najieleza, nikijieleza najitetea, na nikijitetea watu wananiangalia kama mtu aliyeiba. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja, nyie mlioniuliza msome wenyewe. Mwanzo huu nimeufuta na kuuandika upya mara nyingi kuliko nilivyo tayari kukiri.

Kwa wasionijua vizuri, naitwa Devota, natengeneza keki za harusi na kipaimara hapa Songea. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuangalia video kwenye simu na kuharibu unga mwingi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana tatizo moja: hajui kipi anakijua na kipi hakijui, kwa hiyo anaogopa vyote sawasawa. Keki ikipinda kidogo upande ambao hakuna atakayeuona, mimi silali.

Safari yenyewe ilitokana na Babu. Babu Gaspari, mzaa baba, alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto ukalala. Tangu hapo alikuwa anakula kwa kulazimishwa na anaongea kwa nadra, muda mwingi anaangalia ukuta. Ujanani alikwenda pwani kukata mkonge, kama vijana wengi wa Kingoni wa wakati wake. Kuhusu kazi ile hakuwahi kutusimulia mengi. Alichosimulia ni Jumapili, jinsi alivyokuwa anatembea mpaka baharini, anavua viatu, anasimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Hakuogelea. Alisimama tu, kisha akarudi kambini.

Siku moja nikimkanda ule mguu uliolala, akasema taratibu lakini wazi: "Ningeiweka miguu kwenye maji ya bahari mara moja tu, ningepumzika."

Nikasema, "Nitakuletea, Babu."

Hatukuulizana pale nyumbani alikuwa anamaanisha kupumzika kwa namna gani. Kila mtu alielewa kivyake. Bibi peke yake ndiye aliyesema: "Basi twende wote. Bahari hiyo ameniimbia tangu anioe, na mimi niione."

Mshangano mpaka Tunduru

Tulikuwa wanne. Baba mdogo Zaveri alikuwa dereva na mwenye gari. Binti yake Anjela, wa darasa la pili, alikuwa amefunga shule. Wengine ni Bibi na mimi. Mama alibaki kumwangalia Babu.

Nilikuwa nimepanga tutoke alfajiri. Bibi hakukubali kuondoka bila kuwaaga majirani, na majirani hawakukubali aondoke mikono mitupu, kwa hiyo tulitoka Mshangano, mtaa wetu hapa Songea, jua likiwa limeshapanda, magotini tumepakata viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, na kuku mmoja mzima, hai, ambaye Baba mdogo alimshusha kimyakimya kwa jirani wa mwisho.

Nyuma nilikuwa nimeweka madumu mawili ya njano, mapya, yanayofanana kabisa. Moja lilikuwa na maji safi ya gari. La pili lilikuwa tupu, hilo la bahari. Nililifunga utepe mwekundu wa keki shingoni ili lisichanganywe na lile lingine. Naomba muukumbuke utepe huo. Mimi nilijiona nimemaliza kazi.

Namtumbo tulisimama kunywa chai. Bibi aliagiza maji ya moto matupu, akatoa viazi vyake, na mama mwenye mgahawa akamtazama. Baadaye yule mama alikuja kukaa mezani kwetu, akala viazi viwili, na hatukudaiwa hata chai. Sikuelewa jambo hilo lilivyotokea. Nadhani lingenisaidia mbele ya safari kama ningejaribu kulielewa.

Tulipokaribia Tunduru nikaona wingu la njano limejaa barabarani mbele yetu na harufu kali imeingia ndani ya gari. Nikapiga kelele: "Baba mdogo simama, gari linaungua."

Akafunga breki ghafla, viazi vikaruka mpaka kwenye kioo. Tukashuka sote mbio, mimi nimemshika Anjela mkono. Kando ya barabara, ndani ya shamba la mikorosho, mwanaume mwenye mashine mgongoni na kitambaa usoni alizima mashine yake akatuangalia.

"Mnahitaji msaada?" akauliza.

Alikuwa anapulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Ni msimu wake, mikorosho yote ya upande ule ilikuwa inapuliziwa. Baba mdogo akamwambia hapana, tunanyoosha miguu tu. Tulipoingia ndani ya gari akasema, "Devota, kuanzia sasa hivi wewe angalia nje, ufurahie miti. Gari niachie mimi."

Mtwara, na bahari ambayo haikuwepo

Tulilala Masasi, kesho yake tukaingia Mtwara, na siku iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya bahari. Nilikuwa nimeuliza watu ufukwe upi ni msafi, nikauliza tena wengine ili kuhakikisha. Tukafika asubuhi, Bibi kavaa gauni lake la kanisani.

Bahari haikuwepo.

Palikuwa na mchanga, kisha matope yenye majani, kisha mawe, na mbali sana mstari mmoja wa bluu. Wanawake walikuwa wanatembea katikati ya hayo yote na ndoo, wanainama na kuokota. Nilijua nimekosea mahali, kwamba kuna ufukwe mwingine wenye jina kama la huu, na nimeleta bibi kizee kutoka Songea kuja kuangalia matope.

Bibi alimwita mwanamke mmoja aliyekuwa karibu. "Mama, hujambo. Bahari iko wapi?"

"Sijambo, shikamoo. Maji yametoka, bibi. Yatarudi."

"Marahaba. Yametoka yamekwenda wapi?"

Yule mwanamke akafikiri. Naona hakuna aliyewahi kumuuliza. "Huko huko kwao," akasema.

"Na yatarudi saa ngapi?"

"Yakijaa utayaona yenyewe, wala hutayatafuta."

Kwa hiyo tukasubiri. Mimi nilitafuta kwenye simu, nikasoma juu ya maji kupwa na maji kujaa, na nikajichukia kwa kutosoma kabla. Bibi hakujichukia kwa lolote. Alikaa kwenye mchanga akala pweza wa kukaanga, akadai ana ladha ya uyoga, akaongezewa. Anjela akafukia miguu ya baba yake. Maji yakarudi kweli, taratibu kwanza, kisha bila aibu, na Bibi akasimama palepale na gauni lake la kanisani mpaka yakamfika magotini.

"Kumbe inavuta," alisema. Aliangalia chini muda mrefu. "Alikuwa haniambii kwamba inavuta."

Dumu nililijaza mimi. Nilichota nikaona mchanga umeingia, nikamwaga. Nikachota tena, nikaona jani. Mara ya tatu nikachujia kwenye kitambaa cheupe, na Baba mdogo akasema, "Hayo maji ni ya kuwekea miguu, si ya ubatizo." Nilifunga kifuniko, nikakifunika kwa nailoni, nikahakikisha utepe umekaza. Hapo tu ndipo nilipofurahi katika safari nzima, na nataka ijulikane kwamba nilifurahi.

Masasi mpaka pale gari lilipochemsha

Kurudi kulianza vizuri. Tulipita Masasi, tukapita Mangaka, tukaingia mkoani kwetu, na nikaanza kusikia harufu. Ilikuwa tamu kidogo, kama kitu kinachotokota. Ikazidi. Nikasema kwa upole, "Baba mdogo, mimi nasikia harufu."

"Salfa hiyo."

"Hii si kama ile."

"Devota."

Nikaangalia miti. Bibi alikuwa amesinzia na Anjela pia. Kwa muda fulani nilijishawishi kwamba mtu mwenye busara ni yule anayejua kukaa kimya. Kisha moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, mwingi, ukafunika kioo chote, na gari likasimama lenyewe mbele ya duka moja la kijijini kabla ya kufika Tunduru mjini.

Baba mdogo hakuniangalia. "Limechemsha," alisema, kana kwamba ndiye aliyegundua.

Barazani kwa watu nisiowaelewa

Kwenye baraza la duka lile walikaa watu kadhaa. Mmoja alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, amekalia mifuko ya salfa, kanzu yake imepata unga wa njano mpaka mikononi. Alikuwa anaitwa Mzee Issa, mkulima wa korosho kutoka kijiji cha Nalasi. Alikuwa amekuja kuchukua mifuko ile na kumsalimia binti yake Mwanahawa, mwenye duka, na sasa alikuwa anasubiri gari la kumrudisha kwao. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule niliona mzee tu, nikamsalimia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Mtwara. Tunarudi kwetu Songea."

"Songea. Ninyi ni Wangoni?"

"Ndiyo, mzee."

Akawageukia wenzake. "Si niliwaambia? Nimeona moshi, nikasema hao ni Wangoni wamekuja tena kutuchomea nyumba."

Mimi sikuona aliyecheka. Nikasema haraka, "Hapana mzee, samahani sana. Sisi tunapita tu."

"Hata babu zako walisema wanapita tu."

Baba mdogo alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye boneti na nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani ameungua. Gari lilipopoa akafungua rejeta, akamimina maji ya lile dumu la kwanza, na maji yote yakatokea chini yakalowesha vumbi. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Mwanahawa akampigia simu fundi wa Tunduru mjini, fundi akasema anatafuta mpira wa saizi hiyo na atakuja na bodaboda. Tukabaki tunasubiri.

Mzee Issa alikuwa amesogea karibu na gari. Akachungulia nyuma. "Mbona kuna dumu jingine limejaa? Fundi akifika mtahitaji maji." Akanyoosha mkono.

"Hilo hapana," nikasema, nikajiweka katikati. "Hilo ni maji ya bahari. Ni ya babu yangu, anaumwa."

Nilitegemea neno kuumwa lingemrudisha nyuma. Badala yake akawa kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Ya bahari?"

"Ndiyo, mzee."

"Mlimwomba nani?"

Ukweli ni kwamba hilo lilikuwa limenipita akilini kule Mtwara, kama mtu anaruhusiwa kuchota tu. "Hatukumwomba mtu," nikasema. "Hatukujua kama kuna utaratibu."

"Mnasikia?" akawaambia wa barazani. "Wamekosa ng'ombe wa kuiba, wameiba bahari. Wallahi dumu hili limekamatwa." Akalichukua, akaliweka juu ya mifuko yake ya salfa, akalikalia.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho Baba mdogo anachosimulia kwenye kila sherehe. Nilimfuata nikasema, "Samahani sana, mzee. Kama kuna kibali, sisi tuko tayari kukata."

"Kipo kibali."

"Kinatolewa na nani?"

"Na mimi."

"Basi tunaomba, mzee wangu."

"Ofisi imefungwa."

"Inafunguliwa lini?"

Mzee Issa akamwita Baba mdogo. "Bwana, huyu mmemtoa wapi?"

Hapo Bibi akawa ameamka. Alishuka kwenye gari taratibu, akajifunga kanga vizuri, akaja moja kwa moja. Bibi yangu, ambaye rozari haimtoki mkononi, ambaye hajawahi kumwita mtu hata mjinga, akasema mbele ya watu wote:

"Wewe Myao, inuka juu ya maji ya mume wangu."

"Kumbe mume wako ndiye aliyekutuma kuiba."

"Mume wangu angekuwa hapa, ungekuwa umejificha juu ya mkorosho."

"Mkorosho wangu una faida. Yeye ana nini? Mkuki wake umeliwa na mchwa."

"Mchwa wenyewe walitoka kwenu. Wavivu, mpaka leo hawajamaliza."

Nilimvuta kanga. "Bibi, tafadhali. Tuko ugenini."

"Nyamaza, Devota," akasema bila kugeuka. "Unaharibu."

Sikujua naharibu nini. Nilisimama pale natafuta njia ya kuwaomba radhi wote wawili kwa pamoja.

Mwanahawa akaleta beseni la kunawa, ugali wa muhogo, mbaazi za nazi na samaki mkavu. Akakaribisha sote. Mzee Issa akasema, "Kuleni, mfungwa lazima ale," na akammegea Bibi kipande kikubwa cha samaki kwa mkono wake mwenyewe. Baba mdogo alikula kama mtu aliyefika kwao. Anjela alikula. Mimi sikula, kwa sababu sikuweza kupanga kichwani mwangu watu waliotunyang'anya na watu wanaotulisha wawe ni watu wale wale.

Mwanahawa akaniuliza pembeni, "Mbona huli, dada?"

"Nataka kujua tumekosa nini."

Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mgeni aliyevaa nguo nje ndani. "Kwani kwenu hakuna watani?"

"Wapo."

"Sasa?"

Nikaona aibu. Utani naujua. Najua kwamba sisi na Wayao ni watani, makabila yenye haki ya kutukanana na kunyang'anyana bila kukasirikiana, kama ninavyojua kwamba mwezini kuna milima. Nimewaona watani msibani wakilala ndani ya kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka. Lakini siku zote kulikuwa na mtu wa kuninong'oneza mapema: usiogope, wale ni watani. Haikuwahi kunijia kwamba jambo lile lingeweza kunikuta barabarani, na gari bovu, na mtu ambaye hatujawahi kumwona, na kwamba kila nilipoomba radhi nilikuwa nafanya kosa lenyewe.

"Kwa hiyo atalirudisha?" nikauliza.

Mwanahawa akatazama upande wa baba yake. "Hilo sasa mimi siwezi kukuambia."

Fundi alifika, akafunga mpira, Mwanahawa akatoa maji ya kisimani kwake, gari likawaka bila kutoa moshi. Tukaanza kuaga. Mzee Issa alikuwa bado amelikalia dumu. Akamuuliza Bibi, sasa kwa sauti nyingine kabisa, ya chini: "Anaumwa nini?"

"Kiharusi. Ameacha kuongea. Anaangalia ukuta."

"Anaitwa nani?"

"Gaspari. Ukifika Mshangano ukiuliza, utaonyeshwa."

Mzee Issa akapiga dumu kofi, kama mtu anayepiga mgongo wa punda. "Haya hayaendi. Mkamwambie Gaspari maji yake yamekamatwa na Myao wa Nalasi. Akiyataka ayafuate."

"Hatembei," Bibi akasema.

"Basi atasubiri mpaka nitakapopenda kuyaleta."

Bibi akampa mkono. Wakashikana mikono muda mrefu. Kisha akaingia kwenye gari na kusema, "Zaveri, twende."

"Bibi, dumu," nikasema.

"Nimesema twende."

Nilishusha kioo nikamwomba Mzee Issa angalau namba yake ya simu. Akasema simu anayo, ila namba hawapewi Wangoni.

Tunduru mpaka Songea

Njia ile yote nililia, si kwa sauti. Anjela alinipa kipande cha ndizi. Nilikuwa nimeahidi kitu kimoja kwa mtu mmoja, nimekwenda mpaka mwisho wa nchi kukichukua, nimekichuja kwa kitambaa cheupe, na nilikuwa narudi bila kitu, na mwenye mume ndiye aliyekiacha.

"Baba mdogo," nikasema tulipopita Namtumbo, "kama ni utani, kwa nini hakulirudisha?"

"Kwa sababu ni utani."

"Hilo si jibu."

"Najua," akasema, "lakini ndilo hilo."

Bibi alikuwa amefumba macho. "Ulitaka nimnyang'anye?" akasema. "Nimpelekee Gaspari maji tu?"

Nilirudia sentensi ile kichwani mpaka Songea, na sikuielewa.

Mshangano

Babu alikuwa macho tulipofika. Bibi akanisukuma mbele. "Aliyeahidi ndiye aseme."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Njiani nilikuwa nimetunga maelezo mazuri yenye mpangilio, yote yakapotea. "Babu, nisamehe. Maji hayapo. Yamekamatwa."

Macho yake yakatoka ukutani. "Na nani?"

"Myao mmoja wa Nalasi. Amesema ukiyataka uyafuate."

"Kasema nini kingine?"

Nikamwambia. Kuiba bahari, kibali, ofisi imefungwa. Nikasita kwenye mkuki, akanikazia macho, nikamalizia na mchwa. Uso wake ukavutika upande mmoja, mabega yakaanza kutikisika. Nikaruka nikamwita Mama: "Mama njoo, Babu anatetemeka."

Mama akaja mbio na taa. Babu alikuwa anacheka.

Kesho yake alikunywa uji wote. Akataka kunyolewa ndevu. Siku iliyofuata akataka kiti kitolewe mlangoni, na kila siku baada ya hapo tulimbeba mimi na Mama tukamkalisha, kwa sababu alisema adui asimkute amelala. Alianza kufanya mazoezi ya maneno. Nilimsikia akinong'ona, anatafuta tusi ambalo mdomo wake ungeweza kulitamka vizuri.

Mimi sikuamini kwamba mzee yule atakuja. Nauli ya kutoka Nalasi, mabasi mawili, kwa mtu asiyemjua? Siku zilivyopita niliogopa zaidi, kwa sababu sasa Babu alikuwa anasubiri. Jioni moja nilikoroga chumvi ya dukani kwenye ndoo, nikaonja, nikaongeza, nikaonja tena, nikitafuta ladha ya Mtwara. Nilikaribia kuipata. Kisha nikamwaga yote kwenye shimo la takataka, maana nilijua Babu angetambua kwamba si ya bahari.

Mzee yule alikuja asubuhi moja, bila kupiga hodi. Aliingia uani na kofia yake ya kufuma, dumu begani, mkononi mfuko wa korosho, akasimama katikati.

"Kaburi liko wapi?" akasema. "Nimekuja kumzika Mngoni mmoja."

Mama alitoka jikoni na mwiko, na kama Bibi asingemshika sijui kingetokea nini. Babu aliinua kichwa pale mlangoni. Ilimchukua muda kulitoa tusi lake, neno moja moja.

"Umechelewa. Wayao... mnakuja... pilau ikiwa tayari."

Mzee Issa alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu uliolala. Macho yake yalibadilika, lakini sauti haikubadilika. "Kumbe hujafa. Umenitia hasara ya nauli." Akaniambia, "Wewe wa kibali, lete beseni."

Nilileta beseni. Utepe mwekundu ulikuwa bado shingoni mwa dumu, umekuwa wa njano kwa salfa. Alimimina, akapiga magoti, akaiinua miguu ya Babu mmoja mmoja akaiweka ndani, akaanza na ule usiosikia. Harufu ya matope na majani ikajaa mlangoni. Babu akafumba macho.

Baada ya muda Babu akafumbua jicho moja. "Umeyapunguza."

"Njiani nilisikia kiu."

Nilileta chai. Nilikuwa nimeandaa tusi langu tangu siku aliyokataa kunipa namba ya simu, nimelisahihisha mara nyingi, na nikalitoa: "Mzee Issa, chai hii kunywa polepole. Ukiimaliza yote, mikorosho yako itakuonea wivu kwa kukuona umefanya kazi."

Mzee Issa akamgeukia Bibi. "Anajaribu," akasema.

Alilala siku moja akarudi kwao. Kabla ya kuondoka alitikisa dumu, ambalo lilikuwa limebaki kama nusu, akalisukuma chini ya kitanda cha Babu. "Haya yaliyobaki ni yangu. Nitayafuata korosho zikishauzwa. Ole wako nisiyakute."

Kwa hiyo bahari ilikuwa nzuri, ndiyo. Inakwenda na inarudi, na Bibi anasema inavuta. Iliyobaki ipo hapa Mshangano, na mkija mtaiona, lakini msiiguse. Mama alitaka kuimwaga juzi, anasema imeanza kunuka. Babu alikataa. Alisema mwenyewe, yule Myao, atakuja kuidai, na siku hiyo yeye Babu lazima awepo.